Siku Nilipoipeleka Pikipiki ya Kimanzi Ikutha

Kama unataka kucheka, cheka sasa umalize, halafu unisikilize. Haya nitakayokuambia yalinipata mimi mwenyewe, mchana, jua likiwa kali. Sikuwa nimelewa, kwa sababu sinywi. Sikuwa na homa. Na sikuwa mtu wa kuamini mambo ya mizimu. Nililelewa kanisani, na mtu akianza kuniambia habari za majini wa mtoni nilikuwa naamka naenda zangu kabla hajamaliza. Kwa hivyo usiniweke katika kundi hilo.

Ilikuwa miaka ya themanini, ikielekea mwisho. Mimi nilikuwa ofisa mdogo wa mifugo hapo Kitui, na kazi yangu ilikuwa kwenda kuchanja ng'ombe mahali ambapo gari halifiki. Nimeendesha pikipiki mpaka Tseikuru na kurudi, msimu wa mvua na msimu wa kiangazi, na kisanduku cha dawa mgongoni. Pikipiki yangu ilikuwa kitu kidogo chembamba, chenye kelele kama mbuzi, na haikuniangusha. Ndiyo maana Kimanzi alinitafuta.

Kimanzi huyu alikuwa mtu wa Ikutha aliyetajirikia Emali, kwenye barabara ya Mombasa, kwa kuuza saruji na mabati. Ulikuwa huwezi kukaa naye hata kidogo kabla hajakuambia alichonunua. Suti, anakuambia imetoka wapi. Saa, anakuwekea mkono chini ya pua. Sasa alikuwa amenunua pikipiki kubwa kutoka ng'ambo, mpya kabisa, na haikumtosha kuwa nayo. Alitaka kuingia nayo kanisani kwao Ikutha siku ya Jumapili, siku ya harambee, mchango wa kujenga kanisa, watu wote wakiwa wamekaa nje wakitazama. Tatizo lake ni kwamba hakujua kuendesha kwenye maram, barabara ya udongo isiyo na lami. Alikuwa amejifunza kwenye lami ya Emali, kwenda na kurudi mbele ya duka lake, akipiga honi.

"Wewe ipeleke Ikutha Jumamosi," aliniambia. "Mimi nitapitia Kibwezi na gari. Ukifika uniambie inaendaje. Wewe ndiye mtaalamu."

Nilikubali. Sitakudanganya, nilitaka kuipanda. Pia nilitaka kuwa na haki ya kuisema vibaya, na huwezi kusema vibaya kitu ambacho hujakikalia.

Basi nikuambie ilivyokuwa. Aliniletea Kitui juu ya lori, pamoja na kitabu chenye picha ya Mzungu na mke wake wakipita mlimani, barabara nyeusi inang'aa, wote wawili wanacheka. Kitabu kilisema ni pikipiki ya kutalii. Ya kutalii! Utatalii nini kati ya Ikanga na Mutomo? Mashimo? Tangi lake lilikuwa kubwa kama tumbo la ng'ombe aliyevimba. Mbele ilikuwa na kioo kipana cha kukinga upepo, na huku kwetu upepo ndio rehema pekee ya msafiri, kwa hivyo nyuma ya kile kioo ulikuwa unaiva kama muhogo. Pembeni ilikuwa na masanduku mawili yenye kufuli. Kiti kilikuwa kipana, laini, kama kochi la sebuleni, na nyuma kulikuwa na kiti cha abiria chenye egemeo lake, ili mke wa Mzungu asichoke.

Kwenye kile kipande cha lami cha Kitui mjini, nakubali, ilikwenda kama maji. Injini haikusikika. Ulivuta mafuta kidogo tu na maduka yakakimbia nyuma. Watu walisimama wakitazama, na mimi nikajiona mtu. Kisha lami ikaisha.

Kwenye maram lile dude lilikuwa balaa tupu. Gurudumu la mbele lilitafuta kila mtaro. Breki zilishika kwa hasira. Injini ilinichoma miguu kupitia suruali. Ukitaka kukwepa shimo, ilibidi uanze kufikiria mapema, kama mtu anayegeuza lori. Nilipofika Ikanga mabega yalikuwa yananiuma, na nilikuwa nimeshamtukana aliyeitengeneza, aliyeiuza, na Kimanzi mara nyingi zaidi ya hao wote.

Mbele ya Ikanga kuna mahali palipokuwa na kalvati, daraja dogo la saruji, na hapakuwa na kitu kingine. Hakuna nyumba, hakuna kivuli cha maana, ni vichaka vya miiba na vumbi jekundu. Nilisimama hapo kwa sababu kile kioo cha mbele kilikuwa kimeanza kucheza. Nikakikaza kwa mkono, nikajisaidia kichakani, nikarudi.

Nilipoitoa kwenye stendi ilikuwa nzito.

Nilishasema ilikuwa nzito tangu mwanzo. Hii sasa ilikuwa nyingine. Springi za nyuma zilikuwa zimeshuka, na taa ya mbele ilikuwa imeinua uso inatazama mbingu. Mtu yeyote aliyewahi kubeba abiria anajua hali hiyo. Nikashuka nikachungulia gurudumu la nyuma, nikidhani ni pancha. Gurudumu lilikuwa gumu. Nikafungua masanduku ya pembeni. Matupu. Nikasema, haya, takataka hii imekufa springi kabla hata haijafika Mutomo, na nikafurahi, kwa sababu sasa nilikuwa na jambo kubwa la kumwambia Kimanzi.

Ajabu ni kwamba ilianza kwenda vizuri. Nyuma ilishika barabara. Haikurukaruka tena. Niliona ni bahati tu, na sikutaka kuisifu.

Mutomo nilisimama kwa Kalekye. Huyu alikuwa mama aliyekuwa na kibanda cha chai karibu na stendi ya mabasi, mtu wa maneno mengi, na sisi watu wa mifugo tulikuwa tunakula kwake. Niliiacha pikipiki nje, nikakaa ndani. Akaniletea kikombe, kisha akamimina cha pili.

"Na huyu mwingine, sukari anaweka?" akaniuliza.

"Mwingine nani?"

"Si huyo uliyembeba. Umemwacha hapo juani kama mzigo. Nyinyi watu wa serikali hamna huruma."

Nikatazama nje. Pikipiki ilisimama peke yake, na watoto wawili waliiangalia kutoka mbali. Nikamwambia Kalekye kwamba macho yake yanataka kupimwa. Yeye akanitazama kama unavyomtazama mtu mkorofi, akachukua kile kikombe, akatoka nacho. Nilimwona akienda mpaka kwenye pikipiki. Nilimwona akisimama, akiinamisha kichwa kama anayesikiliza mtu mwenye sauti ndogo. Kisha akarudi na kikombe kikiwa bado kimejaa.

"Anasema asante, chai atakunywa nyumbani," alisema. "Huyo mtu ni mgonjwa. Amekonda. Endesha pole pole."

Ulitaka nifanye nini? Nianze kupiga kelele? Nilimwona ni mama mzee aliyechomwa na moshi wa kuni akilini. Nikamlipa nikaondoka. Lakini nilipopanda, ona, sikurusha mguu juu ya kiti cha nyuma kama nilivyozoea. Niliupitisha mbele, juu ya tangi, kama mtu anayejua kwamba nyuma kuna mtu. Sikuamua kufanya hivyo. Mguu uliamua wenyewe.

Kutoka Mutomo unashuka kusini. Saa hizo jua lilikuwa linaanza kuegemea kulia, na kivuli changu kilikuwa kushoto kwangu, kinakimbia juu ya nyasi kavu. Nilikuwa sikitazami. Nani hutazama kivuli chake? Lakini kichwa kiligeuka tu, na nikakiona. Kivuli cha pikipiki, cha kioo, cha kichwa changu na helmeti yangu. Na nyuma ya kichwa changu, kichwa kingine, kidogo, kisicho na helmeti, kimeinama kidogo kuelekea begani kwangu, kama mtu anayesinzia.

Niamini. Nilisimamisha pikipiki nikageuka. Kiti kilikuwa kitupu. Nikatazama chini, na kivuli kilikuwa cha vichwa viwili. Nikainua mkono, na kivuli changu kikainua mkono. Kile kingine hakikuinua kitu.

Nikajiambia ni egemeo la kiti. Ni lile egemeo la mke wa Mzungu. Nikajiambia hivyo kwa sauti, kwa Kiswahili na kwa Kikamba, na nikawasha injini.

Kabla ya Ikutha kulikuwa na mto wa mchanga. Wakati huo ulikuwa mkavu, mchanga mtupu, mpana, mweupe, na hapakuwa na daraja. Kwa pikipiki yangu ndogo nilikuwa naupita nikiimba. Kwa lile dude, nilifika katikati tu, gurudumu la nyuma likazama mpaka kwenye ekseli. Nilivuta mafuta, likachimba zaidi. Nikashuka nikasukuma. Unajua kusukuma ng'ombe aliyelala? Nilisukuma mpaka nikaona nyota. Nikalitukana. Nikamtukana Kimanzi na harambee yake, na mwishowe, Mungu anisamehe, nikageukia kile kiti kitupu nikasema, "Na wewe kama uko hapo, umekaa tu unatazama?"

Nilisema kwa dharau. Nilikuwa nimechoka, na nilitaka kumsema mtu.

Nikapanda tena nijaribu mara ya mwisho. Nikaweka gia. Na mara nikasikia nyuma imeinuka. Uzito umeondoka. Zile springi zilipanda, taa ikatazama mbele, na kitu kikaanza kusukuma. Haikuwa nguvu kubwa. Ilikuwa kama mtu dhaifu anayesukuma kwa mwili wote, anasukuma, anapumzika, anasukuma tena. Gurudumu likashika. Tukatoka, polepole, mpaka ng'ambo, kwenye udongo mgumu.

Hapo nikasimama, na hapo ndipo nilipotazama nyuma mtoni. Kulikuwa na mstari wa magurudumu. Kulikuwa na alama za buti zangu katikati, pale nilipohangaika. Na kutoka pale nilipokwama mpaka ukingoni, nyuma ya mstari wa gurudumu, kulikuwa na alama za viatu vya akala, vile vya matairi, kila hatua imechimba mchanga kwa ncha za vidole kama mtu anayesukuma mzigo. Zilifika mpaka pale niliposimama. Hazikurudi.

Kisha springi zikashuka tena, taratibu, kwa adabu, kama mtu anayekaa kwenye kiti cha wenyewe.

Mambo yote ya kanisani niliyokuwa nayafahamu yalinitoka kichwani. Neno lililobaki lilikuwa moja, na nikalisema.

"Asante."

Mgongoni, kati ya mabega, nilihisi paji la uso wa mtu likilala hapo. Baridi. Katika jua lile, baridi kama mtungi wa maji. Likakaa hapo mpaka Ikutha. Sikukimbia. Ningekimbilia wapi, na mtu mwenyewe yuko nyuma yangu? Niliendesha pole pole, kama Kalekye alivyosema, nikikwepa kila shimo.

Boma la kina Kimanzi lilikuwa pembeni mwa soko. Alikuwa amekusanya watu, wajomba, majirani, mchungaji na wazee wa kanisa, wote wamekalia viti vya kukodi wakiingoja hiyo pikipiki. Yeye mwenyewe alisimama mbele na suti, mikono kiunoni. Nilipoingia watu wakapiga makofi. Kimanzi akaanza kucheka, akatembea kuja kwangu. Kisha akasimama. Hakuwa ananitazama mimi. Alikuwa anatazama juu ya bega langu, na ile midomo iliyokuwa inacheka ilibaki wazi bila sauti.

Makofi yakaisha moja moja. Watu hawakuona kitu, nafikiri, ila walimwona Kimanzi.

Kisha mlango wa nyumba ndogo ya nyuma ukafunguka, na mama yake akatoka. Alikuwa mwanamke mkongwe, mfupi, aliyetembea kwa fimbo. Pale Ikutha watu walimwita Mama Kyalo, jina la mtoto wake wa kwanza, na Kimanzi alikuwa anachukia hilo, maana yeye ndiye aliyemjengea nyumba ya mawe na bado hakuna aliyemwita Mama Kimanzi. Huyo Kyalo sikuwa nimewahi kumwona. Nilijua tu kwamba alikufa zamani.

Yule mama alikuja moja kwa moja mpaka kwenye pikipiki. Hakunisalimu. Alipita kando yangu, akaweka mkono kwenye kiti cha nyuma, mahali ambapo goti la mtu lingekuwa.

"Kyalo," alisema kwa Kikamba. "Mwanangu. Umefika."

Akanyoosha mkono mwingine, kama unavyomsaidia mgonjwa kushuka. Mimi nilikuwa nimeshika usukani kwa mikono miwili. Nakuambia kwa kinywa hiki, nilihisi pikipiki ikiinama upande wake, kisha ikainuka yote, nyepesi, na paji lile la uso likaondoka mgongoni mwangu.

"Mwaitu," Kimanzi akasema, maana ndivyo Wakamba wanavyomwita mama. Sauti ilikuwa ya mtoto mdogo. "Mwaitu, nilisema nitarudi."

Mama yake akamtazama. "Alitoka hospitali ya Kitui kwa miguu," alisema, na alisema kwa sauti ya kawaida, watu wote wakisikia. "Alikaa kwenye kalvati kwa sababu hakuweza tena. Ukapita na pikapu yako."

"Nilikuwa nimebeba makochi, Mwaitu. Yalikuwa mapya. Alikuwa anatapika. Nilimwambia anisubiri, niyashushe halafu nirudi nimchukue."

"Nami najua ulimwambia. Ndiyo maana alikaa." Akamshika yule mtu mkono, mkono ambao mimi sikuuona. "Aliletwa na wachunga ng'ombe, amekufa, tukamzika. Lakini yeye mwenyewe alikuwa hajaja. Kila jioni nilikuwa namwambia Mungu kwamba mtoto wangu hajaja."

Kisha akawaambia wanawake wachemshe chai. Akaenda na yule mtu polepole kuelekea nyumba yake ndogo, hatua kwa hatua, akimsubiri, akimwonyesha jiwe la mlangoni asije akajikwaa. Mlango ukafungwa.

Mchungaji alikuwa ameshika kofia yake kifuani. Kimanzi alikaa chini kwenye vumbi na ile suti aliyokuwa ameniambia imetoka Uingereza, na ukitaka kujua, sikumhurumia hata kidogo. Niliteremka, nikamwekea funguo mbele ya viatu vyake.

"Uliniuliza inaendaje," nikamwambia. "Inabeba abiria vizuri."

Nikaondoka kwa miguu mpaka sokoni, nikalala kwa mwalimu mmoja ninayemfahamu, na Jumatatu nikapanda lori la kurudi Kitui.

Harambee ilifanyika bila Kimanzi. Hakuipanda ile pikipiki hata siku moja. Aliitupa hapo bomani, akarudi Emali kwa gari usiku uleule, na baadaye niliambiwa hakuwa analala bila mtu chumbani. Miaka michache baadaye aliuza duka akahamia Mombasa, na hata mama yake alipokufa alituma gari na chakula, yeye mwenyewe hakuja. Watu wanasema alikuwa na shughuli. Mimi najua ni kwa nini. Barabara ya kwenda kwao ilikuwa na watu wengi mno, hata ikiwa tupu.

Mama Kyalo aliishi miaka mingi baada ya siku ile, na waliomjua wanasema alinenepa. Alikuwa anacheka. Jioni alikuwa anakaa mlangoni akiongea, na waliopita walidhani ni uzee.

Na mimi? Mgongo wangu, hapa kati ya mabega, hauna joto. Mke wangu akiuwekea mkono anashtuka mpaka leo. Daktari wa Kitui alinipima akaniambia ni mishipa, akanipa dawa ya kupaka, na mimi nikaitupa nilipotoka tu, kwa sababu nilishachoka kudharauliwa na watu wasiojua kitu. Siku hizi nina gari kuukuu, na nimekuwa mtu wa kero barabarani. Nasimama kumchukua kila mtu. Nawachukua vizee, walevi, watoto wa shule, watu wenye kuku, watu wenye matope. Nachelewa harusi, nachelewa mazishi. Wanangu wananicheka, wanasema Baba amekuwa teksi ya bure. Waache wacheke. Wao wanawapita watu vioo vikiwa vimefungwa, wanapunga mkono kwa upole, wanaonyesha kwa kidole kwamba watageuka mbele huko na kurudi.

Wewe pia unafanya hivyo, usinidanganye. Unaona ni njia ya kistaarabu ya kukataa. Basi kataa. Mwambie mtu hapana, nenda zako, atakutukana na yataisha hapo. Lakini usimwambie akungoje. Niliyembeba mimi alikuwa mpole, na alikuwa anakwenda kwa mama yake. Wa kwako humjui atakwenda kwa nani. Ukimwambia mtu utarudi, rudi. Kwa sababu atakungoja.